Fonti ya 3D ni nini, na inakaa wapi

Fonti ya 3D ni mwandiko wa kompyuta ambao kila herufi imechorwa ionekane ina kina, mbali na urefu na upana wake. Karatasi inabaki bapa vilevile. Kinachoidanganya jicho ni ubavu wa herufi, mwanga na kivuli. Mchongaji wa Kimakonde hutoa kina kwa kuuchimba mpingo kwa patasi. Mchora fonti hukitoa kwa rangi tu, upande huu ung'ae, ule ufifie. Wala hili halikuanza na kompyuta: mwaka 1815 Vincent Figgins, mtengenezaji wa herufi za chapa wa London, alitoa sampuli za herufi zenye kivuli.

Ni fonti ya pambo. Kazi yake ni neno moja au mawili makubwa, siyo aya.

Chukua bango la duka la korosho Mtwara mjini. Neno KOROSHO lina matundu manne: matatu ya O, moja la R. Ukiongeza kina, ubavu wa herufi unaingia ndani ya tundu na kulila. Kwenye bango la mita tatu hakuna tatizo. Lipunguze likae kwenye lebo ya pakiti ya robo kilo, matundu yanaziba na mteja anaona madoa manne. Kwa hiyo kwenye lebo punguza kina, achanisha herufi, na bei na namba ya simu ziandike kwa fonti ya kawaida kabisa. Mwanga nao uwe mmoja: kivuli cha herufi kikianguka chini kulia, picha ya korosho pembeni yake iangaziwe kutoka juu kushoto, la sivyo bango zima linayumba machoni.

Kwenye mhuri wa wino mmoja usiihangaikie fonti hii. Ule mteremko wa rangi unaobeba kina, kutoka kung'aa hadi kufifia, hautoki.

Kabla ya kuchukua fonti, soma leseni, maana nyingi za bure haziruhusu kazi ya biashara. Kisha andika Ng'apa, ile ya Lindi. Fonti nyingi za pambo zina herufi kubwa tu na hazina kile kialama cha ng'. Kikikosekana, umeandika Ngapa, na mwenyeji wa huko atakuuliza ni wapi hapo.