Je, wajua kwa nini taimulapsi bila muziki hupooza?

Tafuta mtandaoni taimulapsi yoyote, yaani video iliyoharakishwa, ya mawingu yakipita kwa kasi juu ya vilima vya mawe vya Dodoma, kisha zima sauti. Haichukui muda kidole kinaanza kutafuta video nyingine. Washa sauti: mawe ni yale yale, mawingu ni yale yale, lakini sasa umekodoa macho mpaka mwisho. Kwa nini?

Tuanze na zinavyotengenezwa. Kwenye taimulapsi, kamera au simu hufungwa kwenye stendi ya miguu mitatu, ikapiga picha mnato moja, ikatulia, ikapiga nyingine. Kwa picha moja kila sekunde 5, saa nzima inakupa picha 720. Zionyeshe 24 kwa sekunde, kama ilivyo kwenye sinema, na saa imeisha ndani ya sekunde 30. Yaani kasi mara 120. Ufundi wenyewe ni wa kale: mwaka 1910 Mwingereza F. Percy Smith alishawaonyesha watu maua yakichanua kwenye skrini.

Utamu wa kwanza unatokana na udhaifu wa jicho. Kitu kikienda polepole mno, tunajua kimesogea ila hatukioni kikisogea. Jua huhama angani nyuzi 15 kwa saa, na kivuli cha mbuyu kinalifuata, lakini nani amewahi kukiona kikitembea? Mawingu ndiyo yanayonishangaza zaidi. Msimu wa mvua wa Dodoma, kuanzia Desemba hivi, ardhi ikishapata moto mchana hewa hupanda, ikipoa huko juu mvuke unageuka matone. Ukiwa chini unaona wingu limekaa tu. Kwa kasi mara 120 linachemka kama uji: linavimba, linamwagika pembeni, linayeyuka, na jingine linazaliwa pale pale. Hakuna ujanja ulioongezwa, ndivyo lilivyokuwa muda wote.

Ukielekeza kamera Soko la Majengo, hapo hapo Dodoma, mambo yanageuka. Wapita njia wanakuwa kama mizuka, bodaboda zinarukaruka. Anayeonekana vizuri ni yule asiyeondoka: mama muuza nyanya, mafungu mbele yake yanapungua, anayapanga upya, na mwavuli wake unahama kidogo kidogo kukwepa jua.

Sasa, sauti yake iko wapi? Haipo. Picha mnato hazibebi sauti. Na hata ungeirekodi pembeni ukaiharakisha mara 120, sauti ya mtu yenye mitetemo 200 kwa sekunde ingefika 24,000, wakati sikio la binadamu huishia karibu na 20,000. Wapiga debe wote wa stendi wangekuwa mabubu, labda popo ndio wangewasikia.

Hapo ndipo muziki unapoingia, na kwa maoni yangu hauji kuziba ukimya tu. Picha zimekupokonya kipimo cha muda: hujui kama umetazama nusu saa ya soko au siku nzima. Muziki umebaki kwenye mwendo wa mwili, mwendo wa hatua na makofi. Bila kipimo hicho, kasi yenyewe hutaihisi. Unaona fujo tu.

Ubongo nao ni mwepesi wa kuunganisha vinavyotokea pamoja. Mwaka 2000 watafiti Ladan Shams, Yukiyasu Kamitani na Shinsuke Shimojo walionyesha kwamba mwako mmoja wa mwanga ukiambatana na milio miwili mifupi, mtu huona kama miwako miwili. Kwenye mambo ya muda sikio ni makini kuliko jicho, hivyo jicho hufuata. Ndiyo maana wingu likifika kileleni ngoma inapodunda, unaapa kwamba wingu limecheza. Wahariri wanalijua hilo. Muziki wa mapigo 120 kwa dakika una pigo kila nusu sekunde, sawa na picha 12. Wanabadilisha mandhari kila picha 48, yaani kila baada ya mapigo manne, nawe mtazamaji unatikisa kichwa bila kujua.

Wengi huweka vinanda vizito vya kompyuta vinavyopanda mpaka vikulize. Mimi vinanichosha. Kwa mawingu ya Dodoma ningeweka ilimba ya Wagogo, ile ambayo mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha majukwaa ya dunia: vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, mdundo unaojizungusha na kubadilika kwa kiasi kidogo sana kila unaporudi. Mawingu nayo hufanya hivyo hivyo.

Ukitaka kujaribu, chagua muziki kwanza, maana ndio unaoamua utasimama juani kwa muda gani. Wimbo wa dakika 3 unadai picha 4,320, na kwa picha moja kila sekunde 5 hizo ni saa sita: kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana. Ning'iniza mfuko wa mawe kwenye stendi, upepo wa Dodoma usiitikise, na usisahau pawabenki.