Kuachia papa: aliyeondoka akiogelea si lazima awe amepona

Ami yangu mmoja, mvuvi wa jarife, ule wavu wa kunasia papa, tangu ujana wake, aliwahi kunikuta ufukweni nikimkata papa mdogo kwenye mshipi ili aende zake. Akanitazama, akauliza: "Sasa mwanangu, huyo ulimvua ili iweje?"

Swali lake lina haki. Kwa mtu wa Tanga, papa ni ng'onda anayeanikwa juani, ni mchuzi wa nazi na ugali, na mafuta ya ini lake, yaani sifa, ndiyo yaliyopakwa mbao za vyombo zisioze. Halafu anatokea mtu na fimbo yake ya kuvulia, anavutana na papa weee, anapiga picha, anamrudisha baharini na kwenda nyumbani mikono mitupu. Huko ndiko kuvua na kuachia. Wenye burudani hiyo wanaamini samaki amepata msukosuko tu, uhai wake uko pale pale.

Imani hiyo haishiki kila mara. Papa anaweza kukatiwa mshipi, akapiga mkia, akazama kwa heshima zake mbele ya macho yako, kisha akafa baada ya saa chache au siku kadhaa mahali usipomwona. Wataalamu wa samaki wanakiita kifo cha baada ya kuachiwa. Tumekijua kwa kuwafunga papa vifaa vidogo vinavyorekodi kina na mwendo wao. Kifaa kinapoonyesha kwamba papa ameshuka hadi chini na hajasogea tena, jibu linakuwa limepatikana.

Kwa nini afe, na ndoana imeshatoka? Anza na pumzi. Wapo papa wanaoweza kulala chini na kujisukumia maji kwenye matamvua kwa misuli ya kinywa; papa usingizi ni mmoja wao. Wengine sharti waogelee ndipo maji yapite. Papa wa namna hiyo akizuiwa kwenye mshipi, anapigana huku pumzi inamwishia. Misuli inafanya kazi bila oksijeni ya kutosha, asidi inajaa kwenye damu, na haishuki kwa sababu tu wewe umemaliza kupiga picha. Ongeza na joto. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na wakati wa kaskazi bahari yetu hufika nyuzi 28 hadi 30. Mvutano ambao papa angeuvumilia mwezi wa saba, wakati wa kusi, unaweza kumshinda mwezi wa pili.

Jambo la pili ni umbo. Papa hana mfupa hata mmoja. Kiunzi chake chote ni gegedu, kama hili la sikio lako. Hana kifua cha mbavu cha kuulinda moyo na lile ini lake kubwa. Majini hilo si tatizo, maji yenyewe yanambeba. Mtoe nje umlaze mchangani, au mbaya zaidi umning'inize kwa mkia kama wanavyofanya kwenye picha za zamani, na uzito wake wote unaangukia viungo vya ndani na pingili za uti wa mgongo. Kwa nje utaona ngozi nzima kabisa. (Katika jambo moja anamshinda chewa: hana kibofu cha hewa, kwa hiyo ukimvuta kutoka kina kirefu hatokezi juu akiwa amevimba.)

Wala papa wote si sawa. Papa mkubwa wa milia, yule mwenye jina baya duniani kote, huvumilia sana. Wengi wao hupona. Pingusi, mwenye kichwa cha nyundo, ni kinyume chake. Hupigana mpaka tone la mwisho na hufa kwa urahisi mno, hata mvutano ukiwa mfupi. Mwaka 2013 ilikubaliwa aina za pingusi wakubwa ziorodheshwe kwenye mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kwa maoni yangu, ukigundua kwamba uliyemnasa ni pingusi, sahau picha. Kata waya karibu na ndoana kadiri unavyoweza kufika, basi.

Ukilishika hilo, kanuni nyingine zote zinajieleza. Watu hudhani kutumia mshipi mwembamba ni ustadi na ni huruma. Kwa papa ni mateso: mshipi mwembamba unarefusha vita, na vita ndivyo vinavyoua. Tumia mshipi mnene, waya imara na fimbo yenye nguvu, umlete mapema. Ndoana iwe ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani. Haikamati tumboni kirahisi. Samaki akianza kuondoka nayo huteleza hadi pembeni mwa mdomo na kushika hapo. Usiivute kwa kishindo, acha mshipi ukaze wenyewe. Kile kijino cha kuzuia samaki asichomoke kibonyeze kwa koleo kabla hujatupa chambo. Chagua ndoana ya chuma cha kawaida, kinachopata kutu, ili ikibaki mdomoni ioze na kudondoka. Na ikiwa imemezwa, usiingize mkono wala kijiti kuichokonoa. Kata.

Papa mwenyewe abaki majini. Kama uko kwenye boti, mlaze ubavuni mwa chombo, kichwa kikielekea mkondo, au chombo kisogee mbele polepole ili maji yaingie mdomoni na kutokea kwenye matamvua. Kumrudisha nyuma na mbele, kama mtu anayesuuza nguo, hakumsaidii. Maji yanayopita kinyumenyume si pumzi. Kama unavua ufukweni, Raskazone au Mwambani, ingia wewe kwenye maji ya magoti, usimburute yeye hadi kwenye mchanga mkavu na mawe. Kulabu ya kuchomea na kunyanyulia usiitumie kabisa kwa samaki unayetaka kumwachia. Na ikibidi atoke majini kidogo, vuta pumzi na kuizuia pale anapotoka. Ukishindwa wewe, na yeye ameshashindwa.

Kuna usalama wako pia, maana papa hajui kwamba una nia njema. Gegedu zile zinamfanya alegee kama kamba. Papa anaweza kujipinda akafikia mkia wake mwenyewe, kwa hiyo kumshika mkia si kuwa mbali na meno. Wawe watu wawili, mmoja ashike waya, mwingine koleo refu. Waya usiuzungushe mkononi hata mara moja, akichomoka unaondoka na vidole. Ngozi yake ukiipapasa kutoka mkiani kwenda kichwani inachuna kama msasa. Wengine watakuambia umgeuze chali, atulie. Ni kweli papa wengi wakipinduliwa huganda kama waliolala, ila kuganda huko si raha, na anaweza kuzinduka wakati wowote, mkono wako ukiwa mdomoni. Akikung'ata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, inua kiungo, na safari ya hospitali ya Bombo ianze hapo hapo, hata kama damu imepungua.

Mahali pa kuvua pia pachagulie. Kusini mwa mji wa Tanga hadi upande wa Kigombe kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa 2009. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka zamani za dinosaria, alianza kunaswa huku Tanga mwaka 2004, na aliingia kwenye nyavu za nani? Za jarife, zilizotegewa papa kwenye maji ya kina. Kwa hiyo uliza wenyeji na maofisa wa uvuvi kabla hujatia mshipi, na leseni yako iwe mfukoni.

Ami yangu nilimjibu siku ile kwamba nataka akue. Akacheka: "Utajuaje kama atakua?" Siku hizi ninachokitazama ni jinsi anavyoondoka. Mzima hujisukuma mwenyewe kutoka mikononi, mgongo juu, anashuka moja kwa moja. Anayeyumba, anayelala ubavu, anayegeuka tumbo jeupe juu, huyo bado. Namfuata, namshika tena karibu na pezi la mgongoni, naelekeza kichwa chake kwenye mkondo na kusubiri.