Bima ya Afya kwa Wote na Kalenda ya Mfanyabiashara Mdogo wa Kusini

Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, wenye magenge, mama lishe na wauza samaki wa Mtwara na Lindi wamekuwa na maswali mengi, na ni nadra kusikia swali la iwapo bima ina faida. Wengi wao wamekwisha kuona mtaji ukiishia kwenye dirisha la malipo la hospitali. Wanachouliza ni ada ya bima italipwa mwezi gani, na kadi ikishatoka, dawa zitakuwepo?

Swali la kwanza lina uzito kuliko linavyochukuliwa ofisini. Biashara ndogo za mikoa hii, hata zile zisizonunua wala kuuza korosho, zinaendeshwa na korosho. Minada inapofunguliwa kuanzia Oktoba na malipo ya wakulima yakaingia benki, ndipo fundi cherehani wa Newala anapolipwa nguo alizoshona kwa mkopo, na mwenye duka wa Tandahimba anapofuta majina kwenye daftari la madeni. Ifikapo Machi mzunguko wa fedha umekauka, mvua bado zinanyesha, na mabenchi ya zahanati yamejaa wagonjwa wa malaria. Ada ya mwaka ikidaiwa katika miezi hiyo, mtu ataahirisha kwa sababu hana, na baadaye ataitwa mkaidi. Kaya hiyo hiyo ingefuatwa Novemba, ingelipa bila kugusa mtaji.

Mfano upo karibu. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyoanza mwaka 2018, iliweka ada ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, ambayo kwa hesabu ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Hesabu hiyo ya mwezi tunaipenda sisi wataalamu tunapohamasisha, lakini muuza chapati wa Mikindani hakuwa akidaiwa 2,500. Alidaiwa 30,000 kwa mkupuo, fedha ambayo kwake ni unga, mafuta na mkaa wa siku kadhaa.

Kuhusu dawa, malalamiko ni ya haki. Mtu aliyelipa ada, akapanga foleni, kisha akaandikiwa karatasi ya kwenda kununua dawa duka la nje, amelipa mara mbili, na habari zake zitafika sokoni kabla ya gari la matangazo. Hata hivyo, kuna upande wa pili unaopaswa kuelezwa bila kuficha. Mfuko unaoingiwa na wagonjwa peke yao hauwezi kudumu, kwa kuwa kila anayeingia anakuja na gharama kubwa kuliko ada yake, na mfuko ukielemewa, vituo huchelewa kulipwa na rafu za dawa hubaki tupu. Vikundi vyetu vya kufa na kuzikana vinalijua jambo hili tangu zamani: hakuna kikundi kinachompokea mwanachama siku anayofiwa.

Sehemu ya hofu iliyobaki ilitokana na muswada wa mwaka 2022, ambao ulipendekeza bima ifungamanishwe na huduma kama leseni ya biashara na namba ya mlipakodi. Pendekezo hilo lilipingwa sana, na kwa maoni yangu lilistahili kupingwa, maana kumfungia mtu biashara ni kumnyima chanzo chenyewe cha ada. Kwa wasio na uwezo, sheria imetaja vyanzo vya fedha vikiwemo ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe na vipodozi, hivyo muuza soda na bia anahusika na mpango huu hata kabla hajajisajili.

Bima hulipia matibabu. Haimfidii mama lishe siku alizofunga banda akimuuguza mtoto katika hospitali ya Ligula mjini Mtwara, wala samaki walioharibika, na ni vyema tuliseme hilo mapema kuliko kuacha watu waligundue wodini.

Wenye saluni, gereji na maduka yenye wasaidizi wana jambo la ziada. Sheria inamtaka mwajiri wa sekta binafsi kumsajili mfanyakazi wake na kuwasilisha mchango. Kwa utaratibu uliozoeleka wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ambao ni asilimia 6 ya mshahara inayogawanywa nusu kwa nusu, msaidizi anayelipwa shilingi 200,000 anachangiwa 12,000 kwa mwezi, yaani 6,000 kutoka kwa kila upande. Kiasi hicho kinabebeka kwa wengi. Tatizo hujitokeza pale msaidizi anapolipwa kwa siku, bila mkataba, na mshahara wake kutojulikana hata kwa bosi wake. Kwa mwajiri wa namna hiyo, hatua ya kwanza ni karatasi moja yenye tarehe ya kuanza kazi, kiwango cha malipo na saini za pande zote mbili, ambayo sheria ya kazi ya mwaka 2004 ilikwisha kuitaka.