Gari Linachemsha: Dhana Zinazoua Injini na Ukweli Wake

Injini nyingi zinazokufa kwa kuchemsha haziuawi na tatizo la mwanzo. Tatizo la mwanzo kwa kawaida huwa dogo: fyuzi ya feni imeungua, mfuniko wa rejeta umechoka, hozipaipu imepasuka. Kinachoiua injini ni yale yanayofuata, na mengi hufanywa kwa nia njema kabisa, kwa sababu mtu kaambiwa na fundi au dereva mkongwe anayemwamini. Dhana hizi zinawatia watu hasara ambayo ingeweza kuepukika kwa saa moja ya uchunguzi na kifaa cha bei ndogo, kwa hiyo nazichukua moja moja.

"Nchi yetu ina joto, thamostati haina kazi. Itoe."

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote. Ingia gereji yoyote Dar es Salaam na gari linalochemsha, kuna uwezekano mkubwa ushauri wa kwanza uwe huu. Thamostati, ile vali ndogo inayofunguliwa na joto ili maji ya injini yaende kwenye rejeta, utaambiwa ni ya Wajapani na barafu yao.

Ukweli ni kwamba thamostati haiangalii joto la hewa ya nje. Inaangalia joto la maji yaliyo ndani ya injini. Kwenye Toyota nyingi huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 hadi 84. Injini imeundwa kufanya kazi ikiwa na joto la karibu nyuzi 90, iwe Tanga au Tokyo. Ukiitoa thamostati, gari likiwa barabara kuu maji hupozwa kupita kiasi. Kompyuta ya gari inadhani injini bado ni ya baridi, inaongeza petroli, oili haifikii joto lake, na injini inasagika mapema. Mwenye gari anaona mafuta yanaisha haraka wala hajui kwamba sababu ni kile kifaa alichotolewa mwaka jana.

Kubwa zaidi ni hili: kwenye injini nyingi thamostati ina vali mbili. Moja hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Nyingine, wakati huohuo, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani bila kupozwa. Kwenye barabara tambarare huenda usione kitu. Panda mlima Kitonga ukiwa na abiria na mizigo, ndipo gari lililotolewa thamostati ili lisichemshe linapochemsha.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji baridi bila kugusa kitako, kisha washa jiko. Inapaswa kuanza kufunguka kabla maji hayajachemka. (Ukiwa Mbeya au Nairobi, kumbuka maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, hivyo thamostati nzima inaweza isifunguke hadi mwisho.) Ikiwa haifunguki kabisa, nunua mpya yenye kipimo kilekile cha joto. Ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu kabisa kwenye mfumo mzima.

"Likichemsha, tatizo ni rejeta."

Huenda ni rejeta, lakini kabla ya kununua chochote jiulize swali moja: linachemsha *lini*? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko kubahatisha vifaa vitatu.

Kama linachemsha kwenye foleni ya Ubungo lakini likipata mwendo linapoa, shaka ya kwanza ni feni. Gari likikimbia, upepo wa barabarani hufanya kazi ya feni. Likisimama, feni ndiyo pekee iliyobaki. Washa gari, washa AC. Kwenye magari mengi yenye feni za umeme, feni inapaswa kuanza kuzunguka. Isipozunguka, angalia fyuzi. Kisha rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme: mara nyingi kwenye boksi lilelile kuna rilei nyingine ya aina hiyohiyo, ya honi kwa mfano, unayoweza kuibadilishia kwa muda. Kisha ipe mota umeme wa betri moja kwa moja. Ikizunguka, mota ni nzima na tatizo ni nyaya au sensa. Isipozunguka, umepata mgonjwa wako, na rejeta hukuigusa.

Feni inayozunguka nayo inaweza kukudanganya. Baada ya matengenezo, nyaya za mota huweza kuunganishwa kinyume, feni ikageuza mzunguko na kusukuma hewa upande usiotakiwa. Kwa feni iliyo nyuma ya rejeta, weka karatasi mbele ya rejeta: inapaswa kuvutwa na kunata. Kwenye Hiace na Land Cruiser nyingi feni huendeshwa na injini kupitia klachi yenye oili ya silikoni. Zima injini ikiwa ya moto, kisha izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi mara kadhaa bila kushikwa, klachi imechoka. Na ile plastiki inayoizunguka feni si pambo. Ndiyo inayoilazimisha hewa ipite kwenye rejeta nzima, na magari mengi yanatembea bila hiyo kwa sababu ilivunjika na hakuna aliyeirudisha.

Kama mambo ni kinyume, yaani foleni iko sawa lakini gari linachemsha mlimani au ukifika kasi ya 100, tatizo ni maji kutopita ya kutosha au rejeta kutotoa joto. Anza na nje. Kati ya kondensa ya AC (inayofanana na rejeta na hukaa mbele yake) na rejeta hujaa vumbi, wadudu na mbegu za nyasi, hasa kwa magari ya njia za vumbi. Osha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Kazi hii ni karibu bure, na nimeona ikimaliza tatizo ambalo watu walikuwa wanataka kulimaliza kwa rejeta mpya. Ndipo uende ndani. Injini ikiwa imezimwa na plagi ya feni imechomolewa, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta ya moto. Sehemu zilizo baridi katikati ya sehemu za moto zimeziba. Hozi ya chini ya rejeta inayonywea ukikanyaga mafuta imelegea. Mkanda unaoteleza hauzungushi pampu ya maji ipasavyo.

Linachemsha dakika chache tu baada ya kuliwasha asubuhi? Hapo fikiria thamostati iliyoganda ikiwa imefungwa, au gasketi ya silinda hedi iliyoungua, yaani kizibo kilicho kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wake). Hozi ya juu ikiwa ngumu kama imejazwa upepo ilhali injini bado haijapata moto, presha ya silinda inaingia kwenye maji.

Na kama lilianza kuchemsha siku lilipotoka gereji, kwanza shuku hewa iliyobaki ndani. Liinue mbele, fungua hita, acha mfuniko wazi injini ikiwa ya baridi, liwashe, na uongeze maji taratibu mpaka mapovu yaishe.

"Kulanti ni ya nchi za baridi. Maji ya bomba yanatosha."

Kuzuia barafu ni kazi moja tu ya kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, na kwetu ndiyo isiyotuhusu. Kazi nyingine zinatuhusu sana. Inazuia kutu kwenye chuma na kuliwa kwa aluminiamu, inalinda sili ya pampu, na inapandisha joto la kuchemka. Maji ya bomba, na zaidi yale ya visima vya Pwani yenye chumvi, huacha magadi kwenye mirija myembamba ya rejeta. Baada ya miaka michache ukifungua mfuniko unaona maji ya rangi ya kutu, na mirija nusu imefungwa.

Upungufu wa dharura barabarani ujaze kwa maji yoyote safi, hakuna ubaya. Lakini ukifika, mwaga, suuza, na ujaze mchanganyiko unaofaa. Kulanti isiyochanganywa huchanganywa na maji yaliyosafishwa, kwa kawaida nusu kwa nusu; iliyochanganywa tayari haiongezwi maji. Wala usichague kwa rangi. Rangi ni ya mtengenezaji, si kipimo cha ubora wala cha aina, na aina mbili zisizopatana zikichanganywa zinaweza kuganda na kuziba. Soma kitabu cha gari au maandishi ya kopo.

"Mfuniko ni mfuniko."

Sivyo. Mfuniko wa rejeta ni vali ya presha. Ule ulioandikwa 1.1 (namba ya presha) unaruhusu maji yafike karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Springi yake ikichoka au mpira wake ukikatika, maji huchemka mapema na kumwagika, na injini isiyo na ugonjwa wowote inachemsha. Badilisha kwa wenye namba ileile.

"Mshale uko katikati, niko salama. Na likichemsha, nitaliendesha polepole mpaka gereji."

Mshale wa magari mengi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Ukiuona unainuka, hali tayari ni mbaya. Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni hayana mshale kabisa, yana taa ya bluu na nyekundu tu. Na ikiwa maji yamekwisha, sensa inabaki hewani na inaweza kusoma joto dogo kuliko lililopo, ilhali chuma kinaungua. Hita ikianza ghafla kutoa hewa baridi, maji yamekimbia.

Mshale ukianza tu kupanda, zima AC, washa hita mpaka mwisho na feni yake juu, tafuta pa kusimama. Hita ni rejeta ndogo. Inatoa joto kweli, ingawa utavumilia jasho. Ukiona mvuke au taa nyekundu, zima injini mara moja. Kilomita mbili za polepole zinatosha kupinda hedi ya aluminiamu.

Kisha subiri. Usifungue mfuniko mpaka hozi ya juu ishikike kwa mkono bila kukuunguza, na hiyo inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Maji yaliyobanwa kwa presha yakifunguliwa ghafla hugeuka mvuke na kuruka usoni, na kitambaa mkononi hakikulindi macho. Kumwagia injini maji ya baridi, juu au ndani, kunaweza kuipasua hedi.

"Ute wa yai unaziba."

Unaziba, ndiyo, pamoja na mirija ya rejeta na ya hita. Yai, pilipili manga, dawa za kopo za kuziba, vyote havijui lipi ni tundu na ipi ni njia ya maji. Kama umekwama porini usiku na hakuna namna, sawa, ila mwambie fundi ukifika ili asuuze mfumo wote. Rejeta ya shaba ya zamani hulehemewa na kuzibuliwa vizuri. Yenye vichwa vya plastiki ikipasuka kichwa, gundi haidumu kwenye joto na presha ile. Ibadilishe.

"Ikishachemsha, nunua injini nyingine."

Ushauri huu ndio unaowaumiza watu zaidi, kwa sababu unatolewa kabla ya kipimo chochote. Kuchemsha mara moja hakumaanishi gasketi imeungua. Dalili zake zinajulikana: maji yanapungua bila kuvuja popote, moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kuna dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Hewa ya moshi wa injini ikipita hugeuka njano. Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, nacho kinaonyesha silinda iliyopungukiwa.

Gasketi ikiwa imeungua kweli, usikubali ibadilishwe tu na kufungwa. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma na fila (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Kwenye injini nyingi za Toyota kikomo cha kupinda ni milimita 0.05. Ikizidi, iende mashineni ikasawazishwe na kupimwa nyufa. Bolti za hedi kwenye injini nyingi hurefuka zikifungwa, kwa hiyo zipimwe au zibadilishwe, na zifungwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu kwa mpangilio wa kiwanda.

Wenye RAV4, Harrier, Ipsum na Alphard zenye injini ya 2AZ-FE za kabla ya 2007 wana jambo lao la pekee. Kwenye injini hizo, meno ya matundu ya bolti za hedi, hasa ya nyuma, hung'oka kwenye bloku ya aluminiamu. Bolti inalegea, maji yanavuja nyuma ya injini mahali pasipoonekana, gari linachemsha. Ukibadilisha gasketi bila kugusa meno hayo, utarudi gereji. Tiba ni kutoboa matundu upya na kupachika bushi za chuma zenye meno, kazi ya fundi mwenye vifaa sahihi, na mara nyingi ni nafuu kuliko injini ya mtumba.

Na kama hesabu yote itakuelekeza kwenye injini ya mtumba, kabla haijafungwa zibua au badilisha rejeta, weka thamostati mpya na mfuniko mpya, na hakikisha feni zinafanya kazi. Kilichoichemsha ya kwanza bado kiko kwenye gari.