Je, wajua kwa nini udi mmoja hubadilika sauti katika kila chumba cha nyumba ya kale ya Lamu?

Mwanamuziki akialikwa kukaa wiki kadhaa katika nyumba ya mawe ya Lamu, ili atunge, afanye mazoezi na kurekodi, kuna jambo humshangaza mapema. Uzi mnene wa udi wake, ile ala ya nyuzi ya tarabu, unavuma kupita kiasi katika chumba kimoja, na akihamia chumba cha jirani uzi huo huo unasikika kwa mbali. Watu wengi hukimbilia kulaumu ala au nyuzi. Anayetaka jibu ainue macho atazame dari.

Dari hiyo hubebwa na boriti za mikandaa. Boriti ina unene wa sentimita 12 au 13 hivi, na juu yake kuna mzigo wa mawe na chokaa wa sakafu ya ghorofa. Ikivushwa nafasi kubwa itapinda, kwa hiyo mafundi wa zamani waliishia kati ya mita 2.5 na 3. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu: upana wa mita 2.8, tuseme, na urefu wa mita saba au nane. Kuta mbili ndefu zinatazamana, zote za matumbawe yaliyopigwa lipu ya chokaa, ngumu na laini. Sauti ikigonga ukuta kama huo, karibu yote hurudi.

Sasa piga hesabu. Katika joto la Lamu sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Kutoka ukuta mmoja hadi wa pili na kurudi ni mita 5.6, safari inayofanyika mara 62 kwa sekunde. Udi wa nyuzi 11 una jozi tano na uzi mmoja mnene ulio peke yake. Uzi huo ukifungwa kwenye noti ya do ya chini hutetema mara 65 kwa sekunde. Tofauti ni ndogo mno, hivyo chumba huukuza mtetemo wa uzi. Hali hiyo hujirudia kwenye mitetemo 124 kwa sekunde, yaani karibu na noti ya si inayofuata.

Mahali pa kukaa nako kuna athari kubwa. Karibu na ukuta, ule mvumo wa 62 huwa mzito kupita kote. Katikati kabisa ya chumba hufifia, lakini hapo wa 124 ndio unaotawala. Nafasi ya kuaminika ni theluthi moja ya upana, kama sentimita 90 kutoka ukutani, mpigaji akiwa ameelekea urefu wa chumba, tena kwa mshazari kidogo. Maikrofoni ikae sentimita 40 hadi 60 kutoka kwenye udi, ielekee pale shingo inapoungana na kiwiliwili. Ukiielekeza kwenye shimo la sauti utapata mvumo tupu, na mguso wa risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, hautasikika.

Nyumba yenyewe imepangwa kwa namna inayompa mwanamuziki vyumba vya kuchagua. Unaingia kupitia daka (baraza ya mlangoni) na tekani (kijia cha kuingilia), unafika kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha msana wa tini (chumba cha chini), msana wa yuu (cha juu), na chumba kiitwacho ndani, kila kimoja kikiwa nyuma ya mwenzake na sakafu ikipanda kidogo kidogo. Msana wa tini umefunguka kuelekea kiwanda, na hapo ndipo sauti nyingi hutorokea nje. Chumba cha vipimo tulivyotaja, kikifungwa kabisa na kuachwa kitupu, kinaweza kushikilia sauti kwa zaidi ya sekunde tatu: maneno ya mwimbaji hupandana yakawa hayaeleweki. Kikiwa na uwazi wa mita 12 za mraba upande wa kiwanda, muda huo hushuka chini ya sekunde moja. Kwa tarabu, ambapo kila neno la shairi ni lazima lifike, msana wa tini ndio mahali pa kufanyia mazoezi. Chumba cha ndani kinafaa udi peke yake, taksimu (upigaji wa kubuni papo hapo) ya polepole, au sauti ya mtu mmoja.

Na zidaka? Ule ukuta wa vishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa ulikusudiwa kupambwa kwa vyombo, ila una faida kwa masikio pia. Vishubaka hutawanya sauti nyembamba badala ya kuirudisha moja kwa moja, hivyo ule mwangwi mkali wa trrr unaosikika ukipiga kofi kati ya kuta mbili tupu hupungua. Piga kofi moja mbele ya zidaka, kisha moja mbele ya ukuta mtupu, usikie mwenyewe. Vishubaka haviwezi kufanya chochote kwa mvumo wa uzi mnene. Wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita tano.

Mwangwi ukizidi chumbani, tandika mikeka, weka magodoro na mito, tundika leso nzito kwenye kamba iliyofungwa kati ya viti. Watu kumi wakiketi hunyonya sauti vizuri kuliko mapambo yoyote, kwa hiyo mazoezi ya chumba kitupu hayatalingana na usiku wa wageni. Msumari kwenye lipu ya kale ni mwiko: chokaa hubanduka pande kubwa. Gundi ya karatasi nayo hung'oa ngozi ya juu. Penye ufa pasizibwe kwa saruji, maana hufungia unyevu na chumvi ndani ya matumbawe, na ukuta huanza kumomonyoka kando ya kiraka. Mji wa kale wa Lamu uko katika Urithi wa Dunia tangu 2001. Mgeni wa wiki sita hana haki ya kuuachia kovu.

Udi wenyewe nao huteseka. Uliotengenezwa kwenye nchi yenye hewa kavu ukifika kisiwani hunywa unyevu, ubao wa mbele huvimba, na nyuzi hupanda juu ya shingo. Pima pale shingo inapokutana na kiwiliwili: milimita tatu ni sawa, zaidi ya nne vidole vitaumia. Legeza nyuzi nusu sauti na usubiri siku chache kabla ya kumwita fundi. Vigingi vikikwama, vitoe, paka chaki kavu na sabuni kidogo. Usiulaze udi sakafuni wala kuuegemeza kwenye ukuta wa nje. Uweke kwenye mkoba wake pamoja na pakiti za kunyonya unyevu. Nyuzi zilizozungushiwa waya hufubaa haraka kwa hewa ya chumvi, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu cha pamba kila unapomaliza.

Ala za ngozi ndizo ngumu zaidi. Kibangala, ala ya nyuzi ambayo kiwiliwili chake hufunikwa ngozi, na matwari (matari) ya maulidi hulegea hewa ikiwa nzito, hasa mvua za masika. Twari husogezwa karibu na jiko la makaa dakika chache, kwa umbali ambao mkono unavumilia, na kugeuzwa geuzwa. Likiachwa mahali pamoja ngozi hukaza upande mmoja, na siku nyingine hupasuka katikati ya qasida.