Kiumbe asiyelengwa: maana yake mtoni na ziwani

Kuna mmea uitwao utupa. Wazee wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki waliponda majani yake, wakayatia kwenye dimbwi au kijito kilichotulia, na baada ya muda samaki walianza kuelea juu kama waliolewa. Mmea huohuo leo unafundishwa kwa wakulima kama dawa ya asili: unaponda majani, unaloweka, unachuja, unapulizia maharage. Sumu ni moja, inaitwa rotenoni, na kazi yake ni kuzuia seli zisiweze kutumia oksijeni. Kwenye jani la mharage inaua mdudu. Kwenye maji inaua samaki.

Nimeanza na utupa kwa sababu unaeleza vizuri neno ambalo wataalamu wa viuatilifu hulitumia kila siku: kiumbe asiyelengwa. Maana yake ni kiumbe yeyote anayefikiwa na sumu bila mwenye kuipulizia kumkusudia. Mkulima wa nyanya analenga kantangaze. Mkulima wa mahindi analenga kiwavijeshi. Kambare aliye mtaroni, chura, kaa, kerengende, mdiria anayevizia ukingoni, hawa hawakuwamo katika hesabu yake. Sumu haijui hesabu hiyo. Inatafuta mwili wenye mishipa ya fahamu wa kuivuruga, au seli ya kuinyima pumzi, na miili ya namna hiyo imejaa majini.

Neno "kiuatilifu" lenyewe ni pana: linabeba sumu za wadudu, za magugu, za kuvu, za panya. Mitaani na mashambani tunasema "dawa" tu, na nadhani neno hilo linatudhuru kidogo, kwa sababu dawa huponya. Ukisikia mtu anasema "nimepiga dawa jana," hutafikiria mto ulio bondeni.

Wavuvi wasio waaminifu wao waliyafikiria maji mapema. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na watu waliomwaga sumu za mashambani Ziwa Victoria ili kuvua haraka, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hilo kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo. Hapo samaki alilengwa. Asiyelengwa alikuwa mlaji.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wakulima wengi huuliza, na ni swali la haki: mbona kuku wangu wanazurura shambani siku moja baada ya kupulizia na hawafi, halafu niambiwe samaki walioko mbali ndio wanakufa?

Tuchukue kundi la pirethroidi, ambalo pengine ndilo maarufu kuliko yote kwenye maduka ya pembejeo. Hizi ni sumu zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto, lile linalolimwa Kenya, Rwanda na nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Ni kundi lilelile linalotiwa kwenye vyandarua vyenye dawa. Mtoto analala ndani ya chandarua usiku kucha bila madhara, lakini maelekezo yanakataza kukifulia ziwani au mtoni. Hakuna mgongano hapo. Mnyama anyonyeshaye na ndege wana vimeng'enya vinavyoivunja sumu hii upesi kabla haijafika mbali. Samaki huivunja polepole sana, na zaidi ya hapo anaivuta moja kwa moja kupitia matamvua, ambayo yameumbwa kunyonya kutoka kwenye maji kila kinachoweza kunyonywa. Na pareto ya asili, isiyopita kiwandani, nayo ni sumu kwa samaki, kama utupa. Neno "asilia" kwenye chupa halimlindi perege.

Kiasi kinachohitajika ndicho kinachoshangaza. Kwa lambda-sihalothrini, mojawapo ya pirethroidi zinazouzwa sana, chini ya mikrogramu 1, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa lita ya maji inatosha kuua nusu ya samaki wa baadhi ya aina wanaopimwa maabara. Hebu tuipige hesabu kwa vyombo tunavyovijua. Dawa yenye gramu 50 za kiini, yaani sumu yenyewe, kwa lita, ambao ni mchanganyiko wa kawaida, ina gramu 1 ya kiini katika kila mililita 20, yaani kifuniko kilichojaa. Gramu hiyo moja ikichanganyika yote kwenye maji, inafikisha mikrogramu 1 kwa lita katika matangi 1,000 ya lita 1,000 kila moja. Kweli, mtoni mambo hayawi sawasawa kama maabara: pirethroidi hupenda kung'ang'ania tope, kwa hiyo sehemu yake hutoka kwenye maji na kutua chini. Lakini chini ndiko waliko watoto wa wadudu wa majini, na kambare naye anapekua hukohuko.

Njia za kufika majini ni nyingi na za kawaida kabisa. Upepo wakati wa kupulizia. Mvua kubwa ya kwanza inayoshuka siku moja au mbili baada ya dawa, ikiosha majani na udongo. Maji ya majaruba ya mpunga yanayofunguliwa kurudi mtoni. Na ile ninayoiona mbaya kuliko zote kwa sababu ndiyo rahisi kuiacha: kuosha pampu ya mgongoni kwenye mfereji na kutupa chupa palepale. Siku hiyo sumu haina udongo wa kuichuja wala siku za jua za kuivunja.

Watu wakisikia "samaki wamekufa" wanafikiria mizoga inayoelea. Hiyo hutokea, lakini mara nyingi athari haina mzoga. Mto wenye afya una wadudu wengi wanaoishi chini ya mawe wakiwa wachanga: tunutu wa kerengende, na wale wadogo wenye mikia mitatu mithili ya nyuzi, ambao wakikomaa hurukaruka juu ya maji jioni moja na kufa. Hao ni chakula cha samaki wadogo, cha vyura, cha ndege. Na kwa kuwa wenyewe ni wadudu, sumu ya wadudu haiwabagui. Neonikotinoidi, kundi lingine la sumu za wadudu, kama imidakloprid, ambayo Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2018 kuizuia isitumike mashambani nje ya vitalu nyumba vilivyofungwa, huwadhuru hawa wenye mikia mitatu kwa kiasi kidogo sana, hata pale ambapo samaki haguswi. Samaki anabaki hai katika mto usio na chakula. Anadumaa, anazaa kidogo, anahama. Hakuna atakayekuja kupiga picha.

Dawa za magugu nazo zina hadithi yao. Glaifoseti hulenga kitu ambacho mimea inacho na wanyama hawana, kwa hiyo ilionekana nyepesi kwa viumbe wa maji. Ila kwenye chupa hakuna glaifoseti peke yake. Huchanganywa na kitu kama sabuni cha kuifanya ishike jani, na baadhi ya sabuni hizo ndizo zilizoonekana kuua viluwiluwi katika majaribio. Asiyelengwa anaweza kuuawa na kile ambacho hata hakihesabiwi kuwa sumu.

Mfano ninaotaka tukae nao zaidi ni wa kichocho, kwa sababu hapo asiyelengwa anageuka kuwa sisi.

Kichocho huletwa na minyoo ambao sehemu ya maisha yao lazima wapite ndani ya konokono wa maji baridi. Mgonjwa anakojoa au anajisaidia majini, mayai yanaanguliwa, vimelea vinaingia kwenye konokono, vinaongezeka humo, kisha vinatoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua, anayepanda mpunga au anayevua. Bila konokono, mnyororo unakatika. Konokono hawa wana wapinzani wa aina mbili: wadudu wanaogombea nao mwani wa kwenye mawe, na wawindaji wanaowala, kama kamba wa mtoni na wadudu wakubwa wa majini.

Mwaka 2020 watafiti kutoka Ujerumani, pamoja na wenzao wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walichapisha kazi waliyoifanya katika sehemu 48 za maji magharibi mwa Kenya, upande wa Ziwa Victoria. Walikuta kwamba konokono wabebao vimelea wanavumilia viuatilifu kuliko wadudu wanaoshindana nao. Sumu inapoingia, mdudu anapotea na konokono anarithi meza yote. Ongeza mbolea inayotiririka kutoka shambani, ambayo huotesha mwani, na konokono amepata chakula kingi na majirani wachache.

Upande wa wawindaji tunaujua kutoka Senegal. Bwawa la Diama lilipokamilika mwaka 1986 liliwazuia kamba wa mto kupanda juu, na kichocho kikalipuka katika maeneo ya mji wa Richard Toll. Baadaye watafiti waliwarudisha kamba kwenye sehemu ya maji inayotumiwa na kijiji kimoja, na konokono walioambukizwa wakapungua. Pale kilichowaondoa kamba ni ukuta. Lakini kamba ni jamaa wa karibu wa mdudu, na sumu ya wadudu inaweza kufanya kazi ya ukuta huo bila mtu kuchanganya saruji.

Kinyume chake kipo pia. Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, uliwahi kutumika kuua konokono wa kichocho. Shaba hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye dawa nyingi za kuvu wanazopulizia wakulima wa kahawa dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Shaba haiozi. Inabaki kwenye udongo miaka na miaka, na mmomonyoko ukiibeba hadi kijitoni inawadhuru samaki na wadudu wa maji.

Pia kuna sumu za zamani, kama DDT, ambazo haziishii kuua kwa ghafla bali pia hujikusanya kwenye mafuta ya mwili, kutoka kwa mdogo hadi mkubwa anayemla. Furukombe wa Ziwa Kariba walikutwa na DDT kwenye mayai, na maganda yake yamekuwa membamba.

Jambo moja la lebo lazima lisemwe wazi, maana huwapotosha watu wema. Utepe wa rangi chini ya lebo, mwekundu, wa njano, wa buluu au wa kijani, unafuata kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha hatari kwa binadamu, kipimo kinachotokana zaidi na majaribio ya panya. Hausemi lolote kuhusu samaki. Dawa yenye utepe wa kijani au wa buluu inaweza kuwa mauti kwa kaa na viluwiluwi. Habari za maji ziko kwenye picha ndogo ya samaki, au ile ya mti mkavu na samaki aliyekufa. Ukiiona, pampu isiogeshwe mtoni; maji ya kuoshea yarudishwe kwenye mimea iliyopuliziwa. Na nyasi za ukingoni ziachwe. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa zisiguswe na shughuli zenye kuathiri hifadhi yake, na nyasi hizo hushika tope lenye sumu kabla halijafika majini.

Anayetaka kujua hali ya kijito chake hahitaji maabara ili kuanza. Wanasayansi wa Tanzania wana mfumo wa kuyapa maji alama kwa kuangalia wadudu wanaoishi humo, na wazo lake mtu yeyote anaweza kulijaribu. Nenda juu ya mashamba, mahali maji yanapopita kwenye mawe, geuza mawe kumi na uhesabu aina za wadudu walioshikilia upande wa chini. Kisha shuka, fanya vivyo hivyo chini ya mashamba. Angalia kwanza kama wale wenye mikia mitatu bado wapo.