Kuchagua picha moja kati ya zote za mwaka

Picha iliyokutoa jasho si lazima iwe nzuri. Hapo ndipo wengi wetu tunaopiga picha Dodoma tunapokosea. Mtu ameondoka mjini saa tisa usiku ili afike Kolo, kwenye michoro ya miamba ya Kondoa, jua likichomoza, sasa kila akiitazama ile picha anaiona pamoja na baridi na safari yote. Mtazamaji hakuwemo safarini.

Anza na faili asilia zilizo kwenye diski. Zilizopitia WhatsApp kama picha za kawaida ziache, maana zimebanwa na kupunguzwa ukubwa. Zipange kwenye skrini zikiwa ndogo kama stempu, uzipitie upesi, sekunde mbili tatu kila moja. Katika udogo huo sura ya mtu na rangi za nguo hazikudanganyi, unabaki na umbo: mwanga uko wapi, giza liko wapi, jicho linatua wapi. Bakiza kama 60. Lala. Kesho yake zishushe hadi 12.

Hizo 12 zifungue kwa asilimia 100, yaani kwa ukubwa wake kamili kwenye skrini. Ikiwa kila kitu kimeburuzika kuelekea upande mmoja, kamera ilitikisika. Ikiwa ukuta wa nyuma ni mkali na macho yamefifia, fokasi ilikosea. Yote mawili hayatengenezeki vizuri. Madoa ya kijivu yanayojirudia mahali palepale angani ni vumbi la kiangazi kwenye sensa, kile kioo cha ndani ya kamera kinachonasa mwanga. Huonekana sana ukipiga kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, na yanafutika, kwa hiyo yasikufanye uitupe picha. Angalia pia nyuso zilizopigwa saa sita mchana mwanzoni mwa Machi au Oktoba, jua likiwa utosini hapa kwetu: macho huzama kwenye kivuli, na ukikipandisha kivuli hicho sana, chengachenga zinajaa. Na ukikata kingo, piga hesabu. Faili ya 6000 kwa 4000 ikikatwa ikabaki nusu ya upana na nusu ya urefu, inabaki pikseli milioni 6, yaani inatosha A4, lakini A3 itaanza kulegea.

Ufundi ukishapita, kazi ngumu ndiyo inaanza. Chukua picha ya akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani. Wewe uliyekuwepo unaisikia ngoma, karatasi haina sauti. Basi mkono ndio useme: uwe umefika juu kabisa, au uwe umeburuzika kidogo kwa shata iliyofunguka 1/60 ya sekunde huku uso umetulia. Mkono ulioganda katikati ya njia, hata ukiwa mkali namna gani, unaonekana kama umewekwa tu. Michoro ya miamba ya Kondoa nayo ina mtego wake. Uzuri wake ni wa waliochora. Mimi huiondoa kwenye kinyang'anyiro kama mpiga picha hakuongeza kitu, labda mwanga wa pembeni unaofanya jiwe lenyewe lionekane. Mbuyu mtupu wa Agosti dhidi ya jua linalozama kila mmoja wetu anao, tena mzuri, kwa hiyo uzuri peke yake hautoshi kuupa ushindi.

Zilizobaki zisafishe studio kwa saizi ya posikadi, uzibandike ukutani mnapopita kila siku, wiki mbili. Kisha zishindanishe mbili mbili, inayoshindwa iingie kwenye bahasha. Usiulize watu "ipi nzuri?", watakuchagulia ya mtoto anayecheka. Mpe mtu picha moja, kaa kimya, muulize anaona nini. Ukijikuta unaanza kueleza, "unajua, hapa alikuwa...", hiyo iweke kwenye bahasha, maana sehemu yake muhimu iko kichwani mwako. Idadi ya walioipenda mtandaoni isikusumbue. Huko ilitazamwa kwenye simu, kwa nusu sekunde.

Zikibaki mbili zinazolingana, zigeuze juu chini. Mara nyingi moja itaonyesha kona iliyojaa takataka ambayo macho yalikuwa yameizoea, na nyingine itasimama vilevile.